Kocha Tunamfukuza, Tajiri Tunamsubiri

Tunajenga timu.

Maneno haya nimeyasikia mpaka masikio yameota sugu. Tukifungwa, tunajenga timu. Tukimaliza wa pili, tunajenga timu. Tukimaliza wa tatu, ndiyo kwanza tunajenga timu. Nyumba gani hii isiyofika hata kwenye linta? Kwetu Daa mtu akichimba msingi mwaka wa kwanza, mwaka wa pili anasimamisha kuta, mwaka wa tatu bati liko juu na ugali unapikwa ndani. Sisi tunajenga, tunabomoa, tunajenga, tunabomoa, na kila tofali linalovunjwa mimi na wewe ndio tumelinunua.

Mimi ni Simba. Nalisema mapema ili mtu wa Yanga asidhani nimejificha. Na wewe wa Yanga usikae mkao wa kucheka. Zamu yako inakuja, tena haiko mbali.

Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2023 nilikuwa Karatu mjini, kwenye kibanda umiza. Unakijua: mabenchi ya mbao, turubai juu, jenereta nje linakohoa kama mgonjwa wa kifua, na kijana mlangoni anayekuchora wino mkononi ili usije ukamleta mdogo wako kwa kiingilio kimoja. Mbele yangu alikaa mzee mmoja, jirani yangu wa Daa. Asubuhi alikuwa ameuza debe mbili za maharage. Jezi yake nyekundu ilikuwa mpya, bado ina mikunjo ya dukani.

Tukafungwa mapema. Kibu Denis akasawazisha, mzee akaruka akagonga kichwa kwenye boriti, akasema hata hasikii maumivu. Mapumziko 1-1. Kisha kikaja kipindi cha pili. La pili. La tatu. La nne. La tano.

Bao la nne lilipoingia mzee alisimama, akavua jezi, akaigeuza ndani nje, akaivaa tena. Nembo ikagusa kifua, mishono ikawa nje. Hakusema neno. Tulirudi Daa mshikaki kwenye bodaboda moja, na njia nzima simu yake ilikuwa inaita mfukoni. Shemeji yake. Yanga. Hakuipokea.

Jumanne yake kocha Robertinho akapewa thenkyu. Mzee yule yule akanifuata shambani uso umeng'aa kama aliyelipwa deni la miaka. "Afadhali," akasema. "Sasa tutajenga timu."

Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipoisha. Siyo kwa Robertinho. Kwa mzee. Kwako wewe. Kwangu mwenyewe, maana na mimi nilitikisa kichwa nikakubali.

Hebu tukumbushane, maana sisi mashabiki tuna kumbukumbu ya kuku. Robertinho huyo, Aprili 2023, aliifunga Yanga hiyo hiyo mabao 2-0. Agosti, kule Tanga, akawanyang'anya Ngao ya Jamii kwa penalti. Oktoba akatoka sare mara mbili na Al Ahly, 2-2 Dar es Salaam na 1-1 Cairo. Al Ahly! Timu ambayo Afrika nzima inaiogopa. Siku 12 baada ya Cairo akafungwa tano na Yanga. Siku 14 baada ya Cairo hana kazi.

Kazi ya mwaka mzima ikafutwa kwa dakika 45, na sisi tukapiga makofi.

Sasa hesabu. Aussems alitupa ubingwa na robo fainali ya Afrika, akafukuzwa Novemba 2019. Akaja Sven, akaondoka Januari 2021. Akaja Gomes, naye hakuumaliza mwaka. Akaja Pablo Franco. Akaja Zoran, ambaye sidhani kama alipata hata muda wa kujua njia ya kwenda Kariakoo. Mgunda akashikilia usukani. Akaja Robertinho. Akaja Benchikha, mtu ambaye miezi michache kabla alikuwa ameinyima Yanga Kombe la Shirikisho akiwa na USM Alger. Alifika Novemba 2023, Aprili 2024 ameshafunga mizigo. Mgunda tena. Akaja Fadlu Davids. Akaja Pantev Oktoba 2025, na Desemba ilipoingia tu ameshaondoka. Wako waliofukuzwa, wako walioondoka kwa hiari yao, na sitabishana nawe nani ni yupi. Nakuuliza jambo moja: wewe ungemwachia fundi wa kumi nyumba iliyoanzwa na mafundi tisa, halafu ukashangaa ukuta umepinda?

Kila kocha anakuja na mfumo wake. Kila mfumo unataka wachezaji wake. Kila dirisha la usajili tunawaaga kumi, tunawapokea kumi. Simba Day tunavaa nyekundu tunaimba majina ambayo hatujajifunza kuyatamka, na mwaka unaofuata tunaimba mengine. Chipukizi wetu wako wapi? Wako benchi, au wamepelekwa kwa mkopo, wanasubiri kocha ambaye atakaa muda wa kutosha kuwajua majina.

Na usiniambie subira haifai kwenye mpira. Inafaa. Tena mfano uko Jangwani, na inaniuma kuuandika.

Nabi alifika Yanga Aprili 2021. Julai akafungwa na sisi fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam kule Kigoma. Septemba akatolewa Ligi ya Mabingwa na Rivers United ya Nigeria, kafungwa nyumbani, kafungwa ugenini. Angekuwa kwetu, wiki hiyo hiyo angekuwa uwanja wa ndege. Yanga wakamwacha. Msimu ule wakabeba ubingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja, wakaenda mechi 49 za ligi bila kufungwa, na mwaka 2023 wakacheza fainali ya Afrika. Kocha yule yule aliyefungwa na Rivers nje ndani.

Hata sisi tulionja. Fadlu alikuja Julai 2024 akakuta kikosi kimepasuliwa, akapewa vijana, akapewa msimu mzima. Mei 2025 tukacheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na RS Berkane, fainali yetu ya kwanza ya Afrika tangu ile ya 1993 tuliyofungwa na Stella Abidjan. Msimu mmoja wa kumwacha mtu afanye kazi. Mmoja tu!

Kwa hiyo wanaosema shabiki wa Tanzania hana subira wanakosea. Subira anayo, tena tele. Tatizo ni pale alipoiweka.

Kocha tunampa wiki mbili. Tajiri tunampa miaka.

Twende polepole hapa, maana hapa ndipo mlipolala.

Desemba 2017 klabu ya Simba ilimtangaza Mohammed Dewji kuwa mshindi wa zabuni ya uwekezaji: shilingi bilioni 20, na mgao ukaja kuwa hisa asilimia 49 kwake, wanachama wabaki na 51. Alikuwa mwombaji pekee. Tukashangilia. Na sina ugomvi na Mo. Tulibeba ubingwa mara nne mfululizo, 2018 hadi 2021. Tulikuwa hatulipi mishahara kwa wakati, tukaanza kulipa. Tulikuwa tunatolewa Afrika kabla mahindi hayajatoa mbelewele, tukaanza kucheza robo fainali. Asiyeshukuru kwa hayo ni mchawi.

Lakini hundi ya bilioni 20 ilikuja kuonyeshwa hadharani Julai 2021. Kutoka Desemba 2017 hadi Julai 2021 ni muda gani? Mtoto aliyezaliwa siku ya zabuni alikuwa ameshaanza kutumwa dukani. Katika muda huo makocha wangapi tuliwafukuza kwa kuchelewesha matokeo?

Na kuna usiku mmoja ambao mashabiki wameamua kuusahau. Januari 2020 tulifungwa na Mtibwa Sugar bao 1-0 fainali ya Kombe la Mapinduzi, Zanzibar. Usiku ule tajiri akaandika mtandaoni kwamba anajiondoa kwenye uenyekiti wa bodi. Haikuchukua muda akabadili mawazo, akaomba radhi, maisha yakaendelea. Mimi sikulala. Nilijiuliza: hivi klabu iliyozaliwa 1936, kabla ya uhuru, kabla ya baba yangu, inaweza kuyumba kwa sababu mtu mmoja ameudhika na bao la Mtibwa? Kombe la Mapinduzi!

Binadamu anaudhika. Binadamu anachoka. Binadamu anaumwa. Oktoba 2018 mtu huyu alitekwa na watu wasiojulikana, siku tisa hatukujua yuko wapi. Tuliomba Mungu misikitini na makanisani, na Mungu akasikia. Kwanza tulimwombea binadamu, ndivyo inavyopaswa. Lakini hatari ya klabu kuning'inia kwenye pumzi ya mtu mmoja ilikuwa mbele ya macho yetu, peupe kabisa. Alipopatikana tukarudi kulala.

Septemba 2021 akaachia uenyekiti. Juni 2024 akarudi. Katikati hapo misimu mitatu ya ubingwa ilikwenda Jangwani, na sisi tulikuwa tunagombana na makocha.

Mtu wa Yanga, bado unacheka? Kaa chini.

Agosti 2016 wanachama wenu walikusanyika, mwenyekiti wenu Yusuf Manji akaomba akodishwe timu na nembo kwa miaka 10, yeye achukue asilimia 75 ya faida na klabu ibaki na 25. Mlifanya nini? Mlishangilia. Klabu ya 1935, iliyobeba jina la wananchi, mkataka kuipangisha kama fremu ya duka! Serikali ndiyo iliyoweka mguu mlangoni, siyo ninyi. Na Mei 2017, hata mwaka haujatimia, mpangaji mwenyewe akajiuzulu.

Kilichofuata kila mtu anakijua, ila watu wa Jangwani hawapendi kukumbushwa. Bakuli. Timu iliyokuwa imetoka kubeba ubingwa mara tatu mfululizo ikaanza kupitisha bakuli. Wachezaji wakagoma, wengine wakaondoka. Kocha Mwinyi Zahera akawa anahamasisha michango badala ya kuchora mipango ya mechi. Misimu minne bila ubingwa. Na waliotia shilingi kwenye lile bakuli walikuwa akina nani? Mama ntilie, kondakta, mkulima wa vitunguu wa Mang'ola. Tajiri akipanda ndege, anayebaki na deni ni wewe.

Leo mna GSM, mna rais Hersi Said aliyechaguliwa 2022, mna makombe manne mfululizo ya 2022 hadi 2025. Hongereni, nasema kwa meno yaliyokazwa. Lakini ugonjwa umewaingia na ninyi. Gamondi aliwapa ubingwa na robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, Novemba 2024 mkamtupa kwa kufungwa na Azam na Tabora United. Folz akaondolewa Oktoba 2025 kwa bao 1 la Silver Strikers ya Malawi. Na siku GSM wakisema wamechoka, mna nini mkononi? Mmeshaulizana? Au bakuli mmelihifadhi kabatini?

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sisi wa Karatu hatuhitaji kufundishwa methali hii, maana tuliilipia shule. Mbaazi! Nani amesahau mbaazi? Tulilima mbaazi kutoka Daa mpaka Mbulumbulu, kwa sababu mnunuzi alikuwa India na India ilikuwa inalipa. Mwaka 2017 India ikafunga mlango. Magunia yakakaa ndani yakaliwa na wadudu. Kuna mtu jirani yangu aliwalisha ng'ombe mbaazi zile, akasema angalau maziwa nitauza. Hatukukosea kulima mbaazi. Tulikosea kulima tukiwa na mnunuzi mmoja. Na mkulima yule yule aliyeapa hatarudia kosa hilo shambani, Jumamosi anavaa jezi ya timu yenye mfuko mmoja na kuimba jina la mwenye mfuko.

Nimezungumzia wakubwa. Wakubwa angalau wana majengo Kariakoo, wana kadi za uanachama, wana kelele. Njoo uone kinachowapata wadogo, ndipo utaelewa kwa nini naandika kwa hasira.

Unazikumbuka zile mechi 49 za Yanga? Nani alizikata? Ihefu. Timu ya Mbarali, Mbeya, kwenye mashamba ya mpunga. Tarehe 29 Novemba 2022, Ihefu 2, Yanga 1. Watu wa Ubaruku walikesha. Sisi wa Simba huku Karatu tulikesha kana kwamba tumezaliwa Mbarali. Timu ile ilikuwa imepanda daraja, ikashuka, ikapanda tena, na wale watu walikuwa nayo muda wote. Wakaivumilia mpaka ikamfunga asiyefungika.

Iko wapi leo? Singida. Mwaka 2024 iliitwa Singida Black Stars. Nembo mpya, rangi mpya, uwanja mwingine. Nafasi ya Ligi Kuu iliyotoka jasho la Mbarali ilipandishwa kwenye basi ikaondoka. Wale waliokesha hawakupigiwa kura. Waliachiwa uwanja na nyasi.

Na Singida wenyewe wasidhani wamepata. Mji ule kuanzia 2017 umeshashangilia Singida United, ikacheza fainali ya Kombe la Azam 2018 hapo Arusha, miaka miwili baadaye ikashuka na kuyeyuka. Ikaja Singida Big Stars. Ikawa Singida Fountain Gate. Kisha Fountain Gate ikachukua virago vyake, na 2024 ikawa inacheza Babati, Tanzanite Kwaraa. Sasa ni Black Stars. Majina manne chini ya miaka kumi! Mtoto wa Singida akinunua jezi, ainunue kubwa au ya kumtosha? Maana haijulikani kama timu itadumu mpaka imtoshe.

Babati ni jirani zetu. Ukitoka hapa unapita Mbulu, au unazungukia Makuyuni, unaenda kuangalia Ligi Kuu na kurudi. Nimefanya hivyo, nimefurahi. Lakini nilipokuwa nimekaa pale jukwaani nilijikuta nawaza: hii furaha ilikuwa ya nani juzi? Na kesho ni ya nani?

Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee. Siku hizi hata mbacha unapita.

Na usidhani ni ushamba wetu peke yetu. Huko Marekani, wenye pesa na sheria, kuna ligi ya mpira wa magongo wa kwenye barafu. (Barafu tunayoijua sisi ni ile ya ubuyu, lakini nifuate.) Timu ya Winnipeg, Canada, ilihamishiwa Arizona mwaka 1996. Jangwani, jua kali, barafu inatengenezwa kwa mashine. Watu wa kule wakajifunza mchezo, wakawavalisha watoto jezi. Mwaka 2009 mwenye timu akaipeleka mahakama ya ufilisi. Ligi ikaishikilia miaka kadhaa. Akaja tajiri, akaja mwingine. Manispaa ikawaondoa kwenye ukumbi. Wakahamia kwenye ukumbi wa chuo kikuu usiofika viti 5,000, timu ya kulipwa hiyo! Na muda wote mashabiki wakaambiwa nini?

Tunajenga timu.

Wakauza nyota, wakakusanya chipukizi. Wakafungwa, wakafungwa tena, wakaambiwa vumilieni, hawa vijana wakikomaa mtafurahi. Wakavumilia. Mei 2023 wapigakura wa mji wa Tempe wakakataa mpango wa ukumbi mpya. Aprili 2024 wachezaji wote, pamoja na wale chipukizi waliosubiriwa, wakauzwa kwa tajiri wa Salt Lake City, mji mwingine, jimbo lingine, mpango wenye thamani ya dola bilioni 1.2. Mechi ya mwisho Arizona walishinda 5-2. Wakashinda, wakaaga, wakabaki na skafu.

Mvumilivu hula mbivu? Miaka 28 walivumilia wao, mbivu zikaliwa Utah.

Sasa geuza macho uangalie nyumbani. Arusha, mkoa wetu, unajengewa uwanja wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON 2027. Mzuri, sina neno. Lakini mkoa huu hauna timu ya Ligi Kuu tangu JKT Oljoro iliposhuka mwaka 2014. Uwanja mkubwa, timu hakuna. Wewe unadhani nini kitatokea AFCON ikiisha? Nakuambia mimi: kuna siku utasikia timu ya watu wengine inaletwa Arusha kwa basi, imepewa jina la mlima au la mnyama wa Ngorongoro, na mwenye pesa atasimama kwenye maikrofoni aseme amewaletea wana Arusha zawadi. Utashangilia? Najua utashangilia. Na mimi naogopa nitashangilia. Kuna mji fulani utakuwa unalia siku hiyo hiyo.

Turudi kwa mzee wa jezi iliyogeuzwa, maana tulibishana mpaka jua likazama. Nilimuuliza juu ya ng'ombe.

Kwetu Wairaqw mtu mwenye mifugo mingi huweka baadhi kwa wenzake. Mzee ana ng'ombe wawili kwa jamaa wa Endabash. Yule jamaa anakunywa maziwa, anapata samadi. Ng'ombe ni wa mzee. Ndama akizaliwa mzee anaambiwa. Ng'ombe akiumwa mzee anaambiwa. Akifa, mzee anaonyeshwa ngozi. Hakuna karatasi, lakini kuna mashahidi, na kijiji kizima kinajua ng'ombe ni wa nani.

"Sasa," nikamwambia, "ile asilimia 51 ya Simba ni ya wanachama. Kadi unayo. Ndama wako wangapi?"

Akanitazama.

"Mwaka jana klabu ilipata faida au hasara? Nani alikuambia? Mkataba na mwekezaji unasema nini siku akiondoka? Jina linabaki? Uwanja wa Bunju ni wa nani? Ulishawahi kuonyeshwa hata ngozi?"

Mzee akakohoa. Akasema, "Lakini wewe, huyu kocha alitufungisha tano."

Unaona? Tano anazikumbuka. Hamsini na moja hazijui.

Na ninyi wenzangu ni hivyo hivyo. Tunajua dakika aliyofunga Kibu, hatujui lini hesabu za klabu zilikaguliwa. Tunajua mshahara wa mshambuliaji kwa uvumi, hatujui deni la klabu kwa ukweli. Tarehe 8 Machi 2025 kuna watu walitoka mikoani kwenda Dar es Salaam kuangalia watani, mechi haikuchezwa, ikaja kuchezwa tarehe 25 Juni. Nani aliwarudishia nauli? Walinung'unika kwenye basi la kurudi, kisha wakanunua jezi mpya msimu ulipoanza. Shabiki gani huyu anayelipa kila kitu na haulizi kitu?

Wenye timu wametujua. Wanajua kwamba tukifungwa, tunataka kichwa cha mtu. Basi wanatupa kichwa kilicho rahisi kukatwa. Kocha ni mgeni, ana sanduku lake, hana tawi Karatu, hana ndugu Manzese. Anapandishwa ndege, sisi tunatulia miezi mitatu. Ndiyo dawa ya usingizi tunayonyweshwa, na tunarudi wenyewe kuomba kijiko kingine.

Nataka nini? Nataka ugeuze saa zako mbili. Ile unayompimia kocha, mpimie tajiri. Ile unayompimia tajiri, mpe kocha.

Kocha mpe misimu miwili arekebishe makosa yake. Chipukizi akipoteza mpira, usimzomee kama amekuibia kuku. Lakini mwenye timu akisema tunajenga, muulize siku hiyo hiyo: kwa fedha ipi, imewekwa wapi, na mishahara ya msimu mzima iko benki au iko kwenye ahadi? Aliyeleta fedha asomewe mkataba mbele ya watu aliowaletea. Na timu isihame mji wala kubadili jina mpaka watu wake wakae kikao wakubali, maana nafasi ya daraja si gunia la vitunguu la kupakia popote panapolipa. TFF na Bodi ya Ligi wanaweza kuliandika hilo kwenye kanuni kesho asubuhi wakitaka. Hawataki kwa sababu hatujawaomba. Sisi tulikuwa na kazi ya kumfukuza Pantev.

Utaniambia ukimuuliza tajiri maswali ataondoka. Sawa. Manji aliulizwa nini na nani? Aliondoka akiwa anashangiliwa. Mwenye nia ya kukaa hakimbizwi na swali, na mwenye nia ya kuondoka hazuiwi na wimbo.

Mzee alikuja tena juzi. Hakuzungumzia kocha. Alikaa kwenye kigoda, akanywa chai, akauliza mkutano mkuu wa wanachama unafanyika wapi, na kama mtu wa Daa anaruhusiwa kunyoosha mkono. Nikamwambia kadi ni kadi, ya Daa na ya Masaki. Tumeweka kopo la maziwa ya unga juu ya kabati langu kwa ajili ya nauli ya kwenda Dar es Salaam na kurudi, watu wawili. Mimi nimetia elfu ishirini. Yeye ametia elfu kumi, na amesema nyingine ataleta akiuza maharage.